Somo la Wiki: Kukimbia au Kupanda Baiskeli, Lipi Bora Kwako?



Joto limeanza kupungua, na jioni za Mawaleh zinafaa tena kutoka nje. Huu ndio wakati ambao wengi wenu mnaanza kusema, "Mwaka huu nitafanya mazoezi." Mara tu baada ya hapo linakuja swali: nikimbie, au ninunue baiskeli? Leo tutalijibu swali hilo kwa Kiswahili. Njiani tutajifunza namna ya kulinganisha vitu viwili, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnapokwama mnapoongea na bibi na babu.

Ukimaliza somo hili utaweza:
1. kutaja sehemu za baiskeli na maneno ya mazoezi;
2. kulinganisha kwa kutumia kuliko, zaidi ya, kushinda, afadhali na heri;
3. kutaja saa kwa Kiswahili bila kuchanganya na saa ya shuleni;
4. kuchagua zoezi linalokufaa, na kueleza sababu.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO

Siha: afya na nguvu za mwili.
Pumzi: hewa tunayovuta. Tukisema "fulani ana pumzi," maana yake anaweza kukimbia muda mrefu bila kuchoka.
Kuhema: kuvuta pumzi kwa nguvu na kwa haraka baada ya kazi nzito.
Raba: viatu vyepesi vya mazoezi.
Kunyoosha viungo: kuvuta misuli taratibu baada ya mazoezi.
Usukani: sehemu ya baiskeli unayoishika kwa mikono.
Pedali: sehemu unayoikanyaga.
Mnyororo: wengi nyumbani husema cheni.
Keria: chuma cha nyuma cha kubebea mzigo au mtu.
Pancha: tundu katika tairi. Tunaziba pancha, kisha tunatia upepo.

Vitabuni utaona baiskeli. Wazee wetu wa Unguja na Pemba husema baskeli. Yote mawili ni sahihi. Andika la kwanza kwenye mtihani, na usimsahihishe bibi anapotumia la pili.

Sasa liangalie neno kukimbia. Lina maana mbili: kwenda mbio, na kutoroka hatari. Kutokana na kitenzi hiki kimoja tunapata watu wawili tofauti. Mkimbiaji ni yule anayeshindana kwa mbio. Mkimbizi ni yule aliyeacha kwao kwa kuogopa vita au dhuluma. Wengi wa wazee wetu walihama Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Wengine waliingia Oman kuanzia 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Kwa hiyo ukimsikia babu akisema "tulikimbia," usidhani anazungumzia mazoezi. Nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.

SEHEMU YA PILI: KIFUNGU CHA KUSOMA

Soma polepole, mara ya kwanza kimoyomoyo na mara ya pili kwa sauti.

Lipi bora, kukimbia au kupanda baiskeli? Swali hili halijakamilika. Neno bora linahitaji wenziwe: bora kwa nani, kwa ajili ya nini, wapi, na saa ngapi. Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli kwa Mkenya David Kinjah, alishinda mashindano ya Tour of Oman mara mbili, mwaka 2013 na 2014, katika barabara hizi hizi tunazozijua. Nani bora kati yao? Hakuna jibu mpaka useme unawalinganisha katika jambo gani. Na wewe fanya hivyo hivyo. Jiulize maswali yafuatayo.

Kwanza, moyo. Hapa mazoezi yote mawili ni mazuri. Yote huufanya moyo upige kwa nguvu, huongeza pumzi, na husaidia kupunguza sukari katika damu na kuteremsha presha. Tofauti ni muda. Mtu wa kilo 60 akikimbia nusu saa kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa hutumia takriban kalori 250. Akipanda baiskeli nusu saa kwenye njia tambarare, kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa, hutumia takriban kalori 200. Basi kama muda wako ni mdogo, kukimbia kunakupa zaidi. Lakini kwenye baiskeli watu wengi huweza kuendelea kwa saa nzima bila tabu, na mkimbiaji anayeanza huchoka kabla ya hapo.

Pili, magoti na mifupa. Kila unapokanyaga chini ukikimbia, mguu hupokea uzito mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Kwenye baiskeli, kiti ndicho kinachokubeba. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya magoti, au mwenye uzito mkubwa, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, mara nyingi baiskeli itamfaa zaidi. Lakini uzito huo huo una faida yake, kwani mifupa huimarika inapobebeshwa. Wewe kijana, ambaye mifupa yako bado inajengeka, kukimbia na kuruka kunakusaidia kwa namna ambayo baiskeli haiwezi. Wala si kweli kwamba kila anayekimbia huharibu magoti. Mwenye magoti mazima, akianza taratibu na kwa kiasi, hana sababu ya kuogopa.

Tatu, njia. Barabara ya Sultan Qaboos inapita katikati, Mawaleh ya Kaskazini upande mmoja na Mawaleh ya Kusini upande wa pili. Hiyo si njia ya baiskeli wala ya mbio, na si pahala pa kuvuka kwa miguu. Mkimbiaji anaweza kuzunguka mtaa wake mara kumi na akatosheka. Mwenye baiskeli anahitaji njia ndefu zaidi, na magari huwa karibu naye zaidi. Kama huna njia salama ya kupita, hata uwe na baiskeli ya bei gani itabaki inakusanya vumbi. Ukiwa nayo njia, vaa kofia ngumu, washa taa mbele na nyuma, na uvae nguo inayoonekana. Tahadhari pia na vazi refu. Kanzu na buibui hunaswa na mnyororo upesi sana, na mtu huanguka kabla hajajua kilichomvuta.

Nne, joto. Mwezi wa Juni joto la mchana Muscat hufika nyuzi 40 na kupita, na unyevu wa bahari hulifanya lizidi kuchosha. Mwezi wa Januari mchana huwa kama nyuzi 25. Ukiwa kwenye baiskeli, upepo hukausha jasho na unajiona huna joto. Usidanganyike. Maji yanakutoka vilevile, na ukisimama tu utaona jasho linavyomwagika. Mkimbiaji hapati upepo mwingi, kwa hiyo huhisi joto mapema. Kwa wote wawili, wakati wa joto ni alfajiri, au ndani ya nyumba. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, simama, kaa kivulini, kunywa maji na umwambie mtu. Mwezi wa Ramadhani usifanye zoezi zito mchana. Wengi hutembea kidogo kabla ya kufuturu, au hufanya mazoezi usiku baada ya chakula kushuka.

Tano, mfuko. Kukimbia kunataka raba nzuri tu. Baiskeli inataka baiskeli yenyewe, kofia, taa, pampu, pahala pa kuiweka, na fundi siku ya pancha. Kabla ya kununua, azima ya jamaa kwa wiki mbili, uone kama kweli utaipanda.

Sita, mwenzio. Swali hili wengi hulisahau, na pengine lina nguvu kushinda yote. Wengi huacha mazoezi kwa uvivu na upweke, si kwa kuumia tu. Kama kaka yako anakimbia, kimbia naye. Kama baba yako ana baiskeli, panda pamoja naye. Zoezi bora ni lile utakalokuwa bado unalifanya baada ya miezi sita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Kukimbia kwa kawaida huhesabiwa kuwa zoezi zito. Baiskeli hutegemea kasi yako. Wote wanashauriwa kuongeza mazoezi ya misuli, kama kuchuchumaa na kusimama, au pushapu: watoto na vijana siku tatu kwa wiki, na watu wazima siku mbili. Mwenye kisukari, presha au maradhi ya moyo amuulize daktari wake kabla ya kuanza.

Na ukianza, anza hivi. Kwa mbio: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara nane, siku tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia. Kwa baiskeli: panda dakika 20, siku tatu kwa wiki, kisha ongeza dakika tano kila wiki. Rekebisha kiti kwanza. Pedali ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma, na utailaumu baiskeli bure. Wanaochanganya yote mawili, siku mbili mbio na siku moja baiskeli, hupata faida ya mifupa na kupumzisha magoti kwa pamoja.

Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Anayeanza kwa fujo bila mpango huishia karibu.

SEHEMU YA TATU: SARUFI YA KULINGANISHA

Katika Kiswahili sifa haibadiliki tunapolinganisha. Tunaongeza neno la kulinganishia.

1. Kuliko. Baiskeli ni ghali kuliko raba. Afadhali kutembea kuliko kukaa bure.
2. Zaidi na zaidi ya. Kukimbia kunachosha zaidi. Nimepanda zaidi ya saa moja.
3. Kushinda na kupita. Joto la Juni linashinda la Januari. Dada yangu ana pumzi kunishinda.
4. Afadhali, heri na bora. Maneno haya mara nyingi hufuatwa na kitenzi kinachoishia na -e: Afadhali uanze taratibu. Heri tutoke alfajiri. Bora upumzike leo. Kumbuka methali: heri kufa macho kuliko kufa moyo.
5. Kuliko zote, vyote, yote. Hapa fuata ngeli: Baiskeli hii ni nyepesi kuliko zote. Kiatu hiki ni kizuri kuliko vyote. Zoezi hili ni gumu kuliko yote.

Kosa tunalolisikia sana darasani ni "zaidi nzuri," kwa kufuata mpango wa lugha ya shuleni. Sema nzuri zaidi. Sifa hutangulia, zaidi hufuata.

Angalia pia upatanisho wa maneno yetu matatu:
Kukimbia kumenisaidia. (kitenzi-jina, ku-)
Mbio zimenichosha. (mbio ni wingi daima, zi-)
Baiskeli imeharibika. (umoja i-, wingi: baiskeli zimeharibika)

SEHEMU YA NNE: SAA

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa 5:00 asubuhi kwenye simu yako ni saa kumi na moja alfajiri. Saa 6:30 asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu. Saa 8:00 usiku ni saa mbili usiku. Njia nyepesi: angalia mshale mfupi wa saa ya ukutani, kisha sema namba iliyo upande wa pili, mkabala nayo.

Mfano kutoka hapa hapa: kuanzia Juni hadi Agosti, serikali ya Oman hukataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Kwenye simu yako hizo ni saa ngapi? Kama saa hizo hazimfai mfanyakazi aliyezoea jua, hazikufai wewe na raba zako.

SEHEMU YA TANO: MAZUNGUMZO

Someni wawili wawili, kisha mbadilishane.

Mjukuu: Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa raba saa hizi, unakwenda wapi?
Mjukuu: Nataka kuanza mazoezi, bibi. Sijui nikimbie au nipande baskeli. Lipi bora?
Bibi: Bora kwa nani? Kwangu mimi bora kutembea hapa uani, nikishika ukuta. Kwako wewe, unataka nini hasa?
Mjukuu: Nataka nisichoke upesi nikicheza mpira.
Bibi: Basi mpira haupigwi kwa pedali. Kimbia. Sisi kule Unguja baskeli haikuwa mazoezi, ilikuwa ndiyo usafiri wenyewe. Babu yako akinipakia kwenye keria kutoka mjini mpaka Bububu, na mzigo mbele.
Mjukuu: Mlikuwa hamuogopi?
Bibi: Tuogope nini? Gari zilikuwa za kuhesabu. Sasa sikiliza. Ijumaa asubuhi mchukue baba yako. Yeye apande baskeli polepole, na wewe kimbia pembeni yake. Daktari kamwambia aiteremshe sukari, na magoti yake hayataki mbio.
Mjukuu: Atakubali kweli?
Bibi: Mwambie nimesema mimi.
Mjukuu: Haya, bibi.
Bibi: Na uchukue maji. Na mrudi kabla jua halijawa kali.

SEHEMU YA SITA: MASWALI NA MAZOEZI

A. Jibu kwa sentensi kamili.
1. Kwa nini bibi hakujibu mara moja swali la mjukuu wake?
2. Mjukuu na baba yake watafanya mazoezi tofauti siku moja. Toa sababu ya kila mmoja.
3. Taja faida moja ya kukimbia ambayo baiskeli haina, na faida moja ya baiskeli ambayo kukimbia hakuna.
4. Eleza tofauti ya mkimbiaji na mkimbizi.

B. Jaza neno moja: kuliko, afadhali, zaidi, kushinda.
1. Mlima huu ni mrefu ______ ule.
2. ______ uvae kofia ngumu kila siku.
3. Ana mbio ______ wenzake wote.
4. Jioni ya leo ni nzuri ______.

C. Sahihisha.
1. Mbio imenichosha.
2. Baiskeli yako ni zaidi nzuri.
3. Raba hizi ni nyepesi kuliko vyote.
4. Bora unaanza taratibu.

KAZI YA NYUMBANI

1. Chagua zoezi lako. Andika sentensi sita ukianza na: "Kwangu mimi, bora ni ... kwa sababu ..." Tumia angalau namna tatu za kulinganisha. Taja njia utakayopita na saa utakayotoka, kwa saa ya Kiswahili.

2. Fanya jaribio la kuzungumza. Ukiwa katikati ya mazoezi, sema kwa sauti: "Leo nimetoka nyumbani saa kumi na mbili, na sijachoka bado." Ukiweza kuisema sentensi yote lakini usingeweza kuimba, mwendo wako ni wa kiasi. Ukipata maneno mawili matatu tu kisha ukahema, mwendo ni mzito. Ukiweza kuimba kaswida nzima, ongeza kasi.

3. Muulize mzee mmoja wa nyumbani: Baskeli yako ya kwanza uliipata vipi? Ulikuwa ukienda nayo wapi? Nani alikufundisha? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, hata kama baadhi ya maneno huyajui. Hayo usiyoyajua ndiyo tutakayoyafanyia kazi Jumamosi.

Wazazi, kazi ya tatu inawahitaji nyinyi. Mtoto akirudi na karatasi tupu, kaeni naye dakika kumi, mzungumze Kiswahili. Mkiweza kuzungumza mkiwa mnatembea, mtakuwa mmefanya kazi mbili kwa mara moja.